Ufukwe Mtupu, Stesheni Iliyojaa

Kuna picha mbili ambazo bila shaka umeshaziona wiki hii kwenye simu yako. Ya kwanza ni ya ufukwe: mchanga mweupe, maji ya kijani yanayokwenda kuwa buluu, mnazi umeinama upande mmoja, na mtu hakuna. Ya pili ni ya kituo: pantoni ya Kigamboni inashusha watu asubuhi, au abiria wanagombania mlango wa mwendokasi jioni, vichwa vimebanana mpaka ukingo wa picha. Kurasa za utalii zinaipenda ya kwanza. Wapiga picha wa mitaani wanaipenda ya pili. Watazamaji tunazichukulia kama picha za dunia mbili zisizokutana, moja ya asili na utulivu, nyingine ya mji na vurugu zake.

Hoja yangu ni kwamba picha hizi zinafanya kazi moja, nayo ni kumwondoa mtu. Ya kwanza inamtoa nje ya fremu. Ya pili inamzamisha kwenye umati mpaka mama yake mwenyewe asimtambue. Na ukiisoma historia ya pwani ukiwa huku bara, unakuta jambo lenyewe ni zito zaidi, kwa sababu ufukwe huo tunaoambiwa ni mtupu nao ulikuwa stesheni.

Naandika nikiwa Kaliua, na najua kuna msomaji atauliza mtu wa Kaliua ana lipi la kusema kuhusu bahari. Ni swali la haki. Kaliua ipo magharibi ya Tabora, pale ambapo njia ya Mpanda inachepuka kutoka kwenye Reli ya Kati inayokwenda Kigoma. Kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni karibu kilomita elfu moja za reli. Tunachokijua vizuri ni tumbaku, asali, miombo na kusubiri treni. Lakini huu ni mji wa kupita, na miji ya kupita inafahamu habari za mbali. Treni ya Kigoma inakuja na dagaa na migebuka. Kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikatiza nchi hii ya Wanyamwezi, na Mirambo wa Urambo alipoifunga mwaka 1871 wafanyabiashara wa Unyanyembe waliingia vitani naye. Bahari ilifika huku zamani sana kabla ya picha zake. Ilifika kama merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba, na watu wa huku waliifuata kwa miguu.

Hao walioifuata kwa miguu ndio ninaowatafuta kwenye picha za ufukwe.

Chukua Saadani. Ni hifadhi ya taifa iliyopo kati ya Bagamoyo na Pangani, na sifa yake kubwa kwenye matangazo ni kwamba ndiyo sehemu ambapo pori la wanyama linakutana na Bahari ya Hindi. Picha yake maarufu unaijua hata kama hujafika: mchanga, nyayo za mnyama, maji, anga. Ni picha nzuri, sikatai. Lakini Saadani hiyohiyo katika karne ya 19 ilikuwa mlango wa misafara, ikishindana na Bagamoyo kupokea pembe za ndovu kutoka bara. Ilikuwa na mtawala wake, Bwana Heri, aliyepigana na Wajerumani walipokuja kuitwaa pwani. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka na mizigo ya frasila mbili begani, kama kilo 32 hivi, wakakaa wiki kadhaa wakisubiri msafara mwingine wa kurudi, wakala, wakaumwa, wakaoa, wengine wakazikwa hapohapo. Bagamoyo, ambako msimu ukifika walijazana kwa maelfu, bado kuna jengo la kambi ya misafara linaloonyeshwa kwa wageni. Ukisimama hapo na ukaitazama pwani hiyo, unatazama sehemu ya kushukia, ya kusubiria na ya kuondokea. Kwa lugha ya leo tungesema stendi.

Sasa mpiga picha anapoitangaza pwani hiyo kama sehemu ya porini isiyoguswa, anatoa madai ya kihistoria, ajue asijue. Na madai hayo yana uzito nje ya sanaa. Wakazi wa kitongoji cha Uvinje, ambao ni watu wa Saadani, walibishana kwa miaka mingi na mamlaka ya hifadhi kuhusu mpaka, kila upande ukisema ardhi ile ya ufukweni ni yake. Sitaki kuamua kesi hiyo kwenye ukurasa wa fasihi. Ninachosema ni kwamba katika ubishi wa namna hiyo, picha isiyo na mtu inapiga kura. Inamwambia mtazamaji wa Dodoma au Berlin kwamba hapa hapakuwa na mtu, kwa hiyo hakuna aliyeondolewa.

Tuje kwenye ufundi, maana lawama bila ufundi ni kelele tu. Ziko mbinu tatu ambazo wapiga picha wetu wanazitumia sana, ufukweni na vituoni.

Ya kwanza ni droni. Ukiirusha juu ya Jambiani au Paje wakati maji yamekupwa, unapata picha ya kupendeza mno: mistari ya vijiti na kamba kwenye maji membamba, kama daftari la hesabu. Hayo ni mashamba ya mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya themanini na wakulima wengi ni wanawake. Kutoka juu, mwanamke aliyeinama saa tatu kwenye maji ya chumvi anakuwa nukta yenye rangi ya kanga yake. Nukta hiyo inapendeza. Inaonyesha ukubwa wa eneo, inaipa picha rangi nyekundu kidogo. Lakini yeye amekuwa pambo kwenye shamba lake mwenyewe. Ukipeleka droni hiyo juu ya pantoni ya Kigamboni unapata kitu kilekile: nukta, nukta, nukta.

Ya pili ni kuacha lenzi wazi kwa sekunde kadhaa, kamera ikiwa kwenye stendi ya miguu mitatu. Ufukweni mawimbi yanageuka maziwa au moshi, mawe yanabaki imara. Kituoni majengo na mabehewa yanabaki imara, watu wanageuka moshi. Ukitaka kuielewa hoja yangu nzima, weka picha hizo mbili pembeni kwa pembeni. Mpiga picha amewatendea abiria kama alivyoyatendea maji. Kwenye maji inakubalika, maji hayana jina. Lakini yule anayepita pale Kamata na mfuko wa mkaa kichwani ana jina, ana anakotoka na anakokwenda, na picha imeamua kwamba cha kudumu pale ni zege.

Ya tatu ni lenzi ndefu. Lenzi ya aina hiyo inabana umbali, kiasi kwamba watu walioachana mita mbili wanaonekana wamebebana. Ndiyo inayotupatia zile picha za Kariakoo zinazofanya kila mtu aseme "jamani, Dar imejaa". Imejaa kweli, lakini siyo kiasi hicho. Sehemu ya msongamano huo imetengenezwa ndani ya kioo. Umati unakuwa ukuta, na ukuta haukutazami.

Wengine watanijibu kwamba hizi ni mbinu za kisasa, haziihusu historia. Zinaihusu. Kamera ilipoletwa pwani ya Afrika Mashariki ilikuja na tabia hizi. Mwaka 1860 James Grant, msafiri mwenza wa John Speke, alipiga picha Zanzibar, ambazo ni kati ya picha za mwanzo kabisa za kisiwa hicho. Kisha msafara ukaelekea huku bara. Njiani Speke akaamua kamera irudishwe pwani, maana kazi ya kuandaa vioo ndani ya hema lililofungwa, kwenye joto lile, aliona ingemuua mwenzake. Grant akaendelea kwa kuchora. Walipofika Kazeh, yaani Tabora, Januari 1861, walikuwa na penseli na rangi za maji. Hivyo tangu mwanzo pwani ikapata picha na bara ikapata michoro, na tofauti hiyo imedumu katika vichwa vya watu kuliko tunavyodhani.

Picha ya mtu kutoka nchi yetu ilipigwa, ila mbali sana. Stanley alipokuwa Unyanyembe mwaka 1871 alipewa mtoto wa kiume kama zawadi na mfanyabiashara wa Kiarabu. Mtoto huyo alikuja kuitwa Kalulu. Mwaka 1872 akapelekwa Uingereza, na London Stereoscopic Company ikawapiga picha yeye na Stanley studioni, Stanley amevaa nguo za safari na mtoto nyuma yake kama mtumishi wake, Afrika ikiwa imebuniwa ndani ya chumba cha London. Mwaka 1877 Kalulu akafa maji kwenye maporomoko ya mto Kongo, akiwa bado kijana mdogo. Ni mmoja wa watu wa kwanza kupitia Tabora ambao uso wao tunao kwenye picha, na kila kitu ndani ya picha hiyo kilipangwa na wengine: nguo, bunduki, mahali pa kusimama, pazia. Shikilia neno hilo pazia, tutalihitaji.

Baada yake alikuja Mjerumani Walther Dobbertin, aliyepiga picha koloni hili kuanzia 1903 mpaka vita vya kwanza vya dunia. Picha zake nyingi zimehifadhiwa kwenye nyaraka za taifa za Ujerumani na zinapatikana mtandaoni. Reli ikijengwa, askari wakipanga mstari, miji, wapagazi. Kwa ukali wa picha na upangaji wa vitu, huyu bwana alijua kazi. Lakini soma maelezo chini ya picha. Mara nyingi ni kazi au kabila tu: askari, wapagazi, wanawake. Mgeni ana jina, mwenyeji ana aina. Ukifungua leo ukurasa wa mpiga picha wa mtaani wa Dar na ukasoma "abiria wakisubiri usafiri", hujaondoka mbali sana na Dobbertin.

Basi ipo njia nyingine? Ipo, na imeshawahi kufanywa, tena kivukoni.

Kitabu cha Heike Behrend, Contesting Visibility, kilichotoka 2013, kina sehemu kuhusu wapiga picha wa Likoni, Mombasa. Katika miaka ya tisini walijenga vibanda kando ya njia ya kwenda kwenye feri, mahali ambapo kila siku maelfu ya watu wanavuka kwenda na kurudi kazini. Wengi wa wapiga picha hao, pamoja na wateja wao, walikuwa wahamiaji kutoka bara. Ndani ya kibanda kulikuwa na pazia lililochorwa kwa mkono: meli, ndege, majengo ya ghorofa, wanyama wa porini, maua. Mteja anasimama mbele ya pazia, anapigwa picha, anaondoka nayo au anaituma nyumbani.

Nataka uone lililotokea pale. Hapo ni sehemu yenye msongamano kuliko zote Mombasa. Mpiga picha wa leo angepanda juu ya kitu akapiga umati. Wale walifanya kinyume: walimtoa mtu mmoja kwenye umati, wakamsimamisha, wakamuuliza anataka kuonekana vipi. Bahari ipo mita chache nyuma yao, bahari ya kweli na feri ya kweli, lakini mteja anachagua bahari ya kuchora na meli ya kuchora. Wengine wangeiona hiyo kama ushamba. Mimi naiona kama uamuzi. Feri ya kweli ni adha ya kila siku, ni jasho, foleni na hofu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, upande uleule wa kivuko, ilizama na watu 272 wakafa. Mtu anayepanda chombo kama hicho kila asubuhi ana haki ya kuchagua meli nyingine kwenye picha atakayomtumia mama yake.

Linganisha na Kalulu. Yeye alikuwa na pazia la wengine. Mteja wa Likoni alilipia pazia lake. Picha ya Kalulu iliuzwa kwa wageni, picha ya Likoni ilikwenda kwa mwenye uso. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kwanza cha uhakiki wa picha, kabla ya mwanga na kabla ya rangi: nani alichagua pazia, na picha ilikwenda kwa nani?

Sisi wa bara tunalifahamu pazia hilo. Studio za miji midogo kando ya reli zilikuwa nalo, na chache bado zinalo: mnazi, bahari, jua linazama, pengine ndege inapaa. Watu wengi wa huku waliopigwa picha na bahari hawajawahi kuiona bahari. Nimewasikia wasomi wakicheka. Lakini hebu fikiria: mjukuu wa mpagazi aliyetembea miezi mitatu kwenda Bagamoyo na mzigo wa mtu mwingine, leo anasimama mbele ya ufukwe akiwa na suti ya kukodi, mikono mitupu, ameangalia kamera. Ukiniuliza ni picha ipi inayoeleza ukweli zaidi kuhusu Bahari ya Hindi na Unyamwezi, hiyo au ya droni ya Saadani, sitasita.

Kitabu cha pili ninachotaka kukitaja ni The Surface of Things cha Prita Meier, kilichotoka 2024, historia ya upigaji picha katika pwani ya Waswahili. Meier anaitazama picha kama kitu: kitu kilichofika kwa meli pamoja na vyombo, vitambaa na samani, kikapangwa sebuleni, kikatolewa zawadi. Ni mtazamo wenye faida, maana unatutoa kwenye tabia ya kudhani kila picha ya zamani ni mtu "anayejieleza". Wengi waliopigwa picha Zanzibar ya karne ya 19 hawakuwa na nafasi ya kujieleza. Walipangwa, wakapigwa, wakauzwa kama kadi za posta. Mwandishi anasema hivyo bila kupaka mafuta.

Nina malalamiko mawili. La kwanza, pwani ya kitabu hicho inaangalia zaidi baharini. Bara ipo, lakini kama mahali walikotoka watu, siyo mahali picha zilikokwenda. Na picha zilikwenda. Reli ilizibeba pamoja na khanga na redio. Mtu akija kuandika historia ya picha kando ya Reli ya Kati, kutoka Dar mpaka Kigoma na tawi la Mpanda, atakuta kwamba pwani yenyewe iliendelea kutengenezwa kwenye studio za Tabora. La pili ni la mfuko na lugha. Vitabu hivi viwili vimeandikwa kwa Kiingereza na bei yake ni ya maktaba za vyuo vikuu. Watu wanaozungumziwa humo, na watoto wao, wanasoma Kiswahili.

Behrend ana jambo jingine ambalo mashabiki wa picha za mitaani hatupendi kulisikia. Sehemu kubwa ya kitabu chake inahusu watu wa pwani waliokataa kuonekana, hasa kina mama wa Lamu na Mombasa, waliojenga taratibu zao kuhusu nani aone picha gani na wapi. Kwa hiyo usinielewe vibaya kwamba nataka kila ufukwe ujazwe nyuso. Anayejifunika kanga akiona kamera naye ametoa uamuzi, sawa na yule wa Likoni aliyelipa ili aonekane. Wote wawili wameulizwa, au wamejisemea. Umati uliogeuzwa moshi haukuulizwa. Mwanamke wa mwani aliye nukta hakuulizwa.

Na kuulizwa siyo jambo dogo kwa watu wa wilaya hii. Ulyankulu, makazi yaliyopokea wakimbizi wa Burundi kuanzia 1972, ipo Kaliua. Kwa aliyeishi miaka mingi kama mkimbizi, picha ndogo ya pasipoti inaweza kuamua kama utavuka kizuizi au utashushwa. Watu kama hao hawahitaji nadharia kujua kwamba uso kwenye karatasi ni madaraka.

Kwa kuwa huu ni ukurasa wa fasihi, acha niseme pia kwamba waandishi wametutangulia katika hili. Chukua Paradise ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili kama Peponi, ikachapishwa na Mkuki na Nyota 2022. Stesheni ipo karibu na mwanzo kabisa wa riwaya: mji mdogo wa reli, Wazungu kwenye jukwaa, na mtoto Yusuf anayewatazama. Halafu treni inamchukua kumpeleka pwani, kwa sababu baba yake ana deni na yeye ndiye malipo. Baadaye anarudishwa bara na msafara. Gurnah angeweza kuandika umati, riwaya ya historia inapenda umati. Yeye ameweka jicho la mtoto mmoja kwenye stesheni, na kupitia jicho hilo tunaona ukoloni, biashara, reli na aibu ya familia. Kwenye riwaya hiyo pwani na bara ni ncha mbili za njia moja, na mtoto ndiye anayebebwa katikati. Hicho ndicho ninachokikosa kwenye picha zetu. Tuna waandishi wanaojua kumtoa mtu kwenye umati, na tuna wapiga picha wenye vifaa vya mamilioni wanaomrudisha humo.

Hili lina haraka yake. Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na mkataba wa kipande cha Tabora mpaka Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Angalia picha zinazosambaa za stesheni mpya: vioo, vyuma, sakafu inayong'aa, na mtu hakuna. Zimepigwa alfajiri au kabla ya kufunguliwa. Yaani sasa hata stesheni imekuwa ufukwe. Stesheni za zamani tulizoea kuzionyesha kwa umati, mpya tunazionyesha kwa utupu, na mama muuza karanga, asali na mahindi ya kuchemsha, aliyeishi na reli hii miaka yote, hayumo kwenye picha ya kwanza wala ya pili. Picha hizi ndizo zitakazobaki miaka 50 ijayo mtu akitaka kujua reli ilikuwa ya nani.

Najua pia ugumu. Ukitoa kamera kubwa stesheni au bandarini utaulizwa kibali, na wakati mwingine utaulizwa kwa ukali. Nayajua hayo kwa kazi yangu ya uandishi wa habari. Ndiyo sababu wengi wanapiga kwa mbali, haraka haraka, na kwa mbali kila mtu ni umati. Lakini ufukweni hakuna anayekukimbiza, na bado unasubiri mvuvi apite ndiyo ubonyeze. Hapo kibali siyo kisingizio.

Sipendekezi watu waache kupiga mawimbi. Mimi mwenyewe napenda mawimbi, kwa sababu hapa kwetu hayapo. Ninachoomba kwa wapiga picha, na kwa sisi tunaozisambaza na kuzisifia, ni mambo matatu ya kawaida. Ukipiga ufukwe, uliza ulikuwa njia ya nani, na uandike jibu kwenye maelezo ya picha. Saadani ni neno moja, "mlango wa misafara" ni matatu, hayaharibu kitu. Ukipiga kituo, toka na watu wawili watatu ambao umeongea nao, uandike majina yao kama wamekubali, na kama hawakukubali usiwapige. Na ukishapiga, mrudishie mwenyewe. Enzi za Likoni ilibidi filamu isafishwe kwanza, leo ni kutuma tu kwenye WhatsApp.

Sisi wahakiki nasi tuache kuandika "picha hii inaongea yenyewe". Picha ya ufukwe mtupu inaongea kweli, ila inayoyasema mengi si kweli. Kazi yetu ni kuijibu. Mpiga picha wa kwanza atakayesimama Bagamoyo na kumweka mtu wa Tabora mbele ya bahari ile, kwa jina lake, akiwa amesimama anavyotaka mwenyewe, tutaandika kuhusu picha hiyo hapa.